Maswali na Majibu: Tunataka kuanzisha shule maalumu ya watoto wenye mahitaji ya kihisia

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu mkoani Morogoro. Pamoja na wazazi na walimu wenzangu tisa tumepata eneo la ekari tano nje kidogo ya mji, na tunakusudia kujenga shule ya msingi ya bweni kwa ajili ya watoto wenye matatizo ya kihisia: wenye hasira zisizozuilika, waliosimamishwa masomo mara kwa mara, waliofiwa, na wale waliojifungia ndani ya nafsi zao wasiseme na mtu. Tunafikiria kuanza na wanafunzi 120, kujenga ukuta mrefu kwa ajili ya usalama, na kuajiri walimu wenye uzoefu wa nidhamu. Je, usajili ukoje, majengo yaweje, walimu wangapi wanahitajika, na suala la viboko tulishughulikieje?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Nimeisoma barua yenu zaidi ya mara moja, na nimefurahi kwamba mmewataja watoto wanyamavu pamoja na wenye fujo, kwa kuwa wanyamavu ndio husahaulika kila mara. Hata hivyo sitafuata mpangilio wa maswali yenu, kwa sababu swali linalotangulia yote halimo katika barua: mtoto ataingiaje katika shule hii, na atatokaje? Ramani, idadi ya walimu na hata bajeti ya chakula hutegemea jibu la swali hilo.

Shule ya namna hii ikifungua mlango bila masharti, shule za jirani zitaleta kila mtoto aliyewashinda: mtoro, mgomvi, aliyeiba simu ya mwalimu, na yule ambaye kosa lake ni kuwa na mama asiyelipa michango. Kabla ya mwaka kwisha mtakuwa na mkusanyiko wa watoto waliokataliwa, na jamii itaanza kuiita shule yenu jela ya watoto. Wengine watadhani ni shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Kule mtoto hupelekwa kwa amri ya mahakama baada ya kukinzana na sheria, ilhali kwenu mtoto anatakiwa kuletwa na mzazi wake, kwa hiari, baada ya kupimwa. Tofauti hiyo iandikeni katika ukurasa wa kwanza wa andiko lenu, maana Afisa Elimu, jirani na mfadhili watawauliza.

Kuhusu kupima, ninaomba mnisikilize kwa makini. Mtoto asipokelewe kwa barua ya mwalimu mkuu peke yake. Kwanza apimwe masikio na macho. Nimekutana na watoto walioitwa wakaidi kwa miaka, kumbe masikio yao yalikuwa yakitoa usaha tangu utotoni na nusu ya maagizo ya mwalimu hayakuwafikia. Kipo pia kifafa cha aina ambayo mtoto haanguki, bali hukodoa macho na kutoweka kwa sekunde chache, kisha hupigwa kwa sababu "haskilizi". Yapo maumivu ya seli mundu, ipo njaa ya kawaida kabisa, na upo ugumu wa kusoma unaomfanya mtoto achague kufukuzwa darasani kuliko kuaibika akisoma kwa sauti. Haya yote huonekana kwa nje kama tabia mbaya, na kila moja lina njia yake ya kusaidiwa isiyohitaji shule maalumu ya kihisia. Afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yenu, pamoja na kituo cha upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu kilicho karibu, wawe washirika wenu wa kwanza.

Mkishaondoa sababu hizo, lipo dodoso la nguvu na changamoto za mtoto lililotungwa na daktari wa akili Robert Goodman mwaka 1997. Lina kauli 25 fupi, linajazwa na mzazi na mwalimu kwa dakika chache, na tafsiri yake ya Kiswahili ipo. Haliwezi kutoa hukumu ya kitabibu, na wala msilitumie hivyo. Kazi yake ni kuonyesha kama tatizo lipo nyumbani na shuleni au mahali pamoja tu, na kuwaibua wale wanyamavu, kwa sababu linauliza pia kuhusu hofu, huzuni na maumivu ya tumbo yasiyo na chanzo. Mtoto ambaye dodoso na mahojiano vinaonyesha dalili nzito, kwa mfano kutaka kujidhuru, apelekwe hospitali bila kungoja nafasi ya shule.

Sasa kutoka. Jijini London, kuanzia mwaka 1969, mwanasaikolojia Marjorie Boxall alianzisha ndani ya shule za kawaida madarasa madogo ya malezi. Watoto kumi hadi kumi na wawili waliwekwa na watu wazima wawili katika chumba chenye kochi, jiko na meza ya kulia, wakapata kifungua kinywa pamoja, wakajifunza kungoja zamu na kuomba kupitishiwa mkate, huku wakiendelea kuhesabiwa katika darasa lao la kawaida, ambako wengi walirejea baada ya mihula michache. Kilichonivutia daima katika mpango ule ni kwamba mtoto hakupoteza mahali pake. Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni kwamba msianze na shule. Anzeni na kitengo cha watoto wanane ndani ya shule ya msingi ambayo mwalimu mkuu wake anawaunga mkono, mkiendeshe kwa mwaka mzima, kisha kingine. Mtakapojenga, mtakuwa na walimu waliokwisha kujaribiwa na shule zilizokwisha kuzoea kuwapokea watoto wanaorudi. Na kila mtoto atakayehamia kwenu, shule yake ya zamani isaini kwamba nafasi yake ipo.

Idadi ya wanafunzi 120 ni kubwa mno. Darasa la watoto hawa lisizidi wanane, nalo liwe na mwalimu mmoja na msaidizi mmoja muda wote. Uingereza, ambako shule za namna hii zimekuwapo kwa miongo mingi, ukubwa huo ni wa kawaida. Pigeni hesabu: watoto 120 ni madarasa 15, yaani walimu 15 na wasaidizi 15 kabla hamjaajiri mpishi. Anzeni na madarasa mawili, mfike sita baada ya miaka kadhaa, muwe na watoto 48, na hapo msimame. Kwa idadi hiyo mtahitaji walimu sita, wasaidizi sita, wawili wa ziada wa kushika nafasi mtu anapougua au anapotakiwa kutoka na mtoto mmoja, mwalimu mkuu, na mnasihi aliyesomea kazi hiyo. Sehemu kubwa ya fedha zenu itakwenda kwenye mishahara, na ni sawa iwe hivyo. Nimeona watu wakijenga jengo la kupendeza kisha wakashindwa kulipa wasaidizi, na ndani ya muhula mmoja walimu wakaanza kufunga milango kwa kufuli.

Bweni liacheni. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali cha Kamishna wa Elimu, na kwa watoto wenu sababu ni nzito zaidi: mtoto aliyefiwa na mama, au aliyehamishwa kutoka kwa shangazi hadi kwa bibi, kumtenga tena na mtu wa mwisho aliyebaki naye ni kumwongezea jeraha lile lile. Basi dogo la shule lina faida kuliko vitanda, na msaidizi anayepanda basi hilo asubuhi atawajulisha walimu kabla ya saa mbili nani ameamka vibaya.

Kuhusu walimu, uzoefu wa nidhamu mnaoufikiria ninyi unanipa wasiwasi. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, hutoa walimu wa elimu maalumu, nao ni msingi mzuri. Lakini katika usaili angalieni zaidi mtu anavyofanya anapotukanwa. Mwalimu wa kazi hii hana budi kuweza kusikia tusi la asubuhi na kumsalimia mtoto yule yule mchana kwa uso ule ule.

Nieleze tukio moja la kawaida ili ionekane ninachomaanisha. Msichana wa miaka kumi anarudishiwa daftari lenye alama nyekundu, analichana, anapindua dawati. Mwalimu anasimama kando, hatua mbili tatu kutoka kwake, ubavu kwa ubavu badala ya uso kwa uso, mikono ikiwa chini, na anasema sentensi moja tu kwa sauti ya chini: "Nipo hapa, uko salama." Msaidizi anawatoa wale saba kwa mlango wa pili, wanaendelea kusoma chini ya mti. Hakuna swali la "kwa nini umefanya hivi", kwa sababu mtoto aliye kileleni mwa hasira hasikii hoja, na kila neno la ziada ni kuni. Baada ya dakika ishirini hivi anakaa mkekani, anapewa maji. Dawati wanaliinua pamoja, yeye na mwalimu, na karatasi wanazigundisha. Mazungumzo yanafanyika baada ya chakula. Jioni mwalimu anaandika mambo matatu: kilichotangulia, kilichotokea, kilichofuata.

Maandishi hayo ndiyo chombo kikuu cha kazi hii. Katika kitengo kimoja nilichofanyia kazi alikuwapo mvulana wa darasa la tatu aliyejificha chini ya dawati karibu kila siku, na akamng'ata kila aliyejaribu kumvuta. Kumbukumbu za wiki tatu zilionyesha kwamba ilikuwa saa nne kasoro, kisha saa sita, daima pale pale ambapo rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe nje ya dirisha ilipogongwa kama kengele. Rimu ilihamishiwa nyuma ya stoo, na msaidizi akawa anamgusia dakika moja kabla: "Kengele inakuja." Aliendelea kuziba masikio, lakini akabaki kitini.

Hapo mnaona pia jibu langu kuhusu viboko. Kanuni zilizowekwa chini ya Sheria ya Elimu zinaruhusu adhabu hiyo kwa masharti: visizidi vinne, atoe mwalimu mkuu au aliyemteua, na ziwekwe kumbukumbu. Kuruhusiwa si kulazimishwa. Andikeni katika kanuni za shule yenu kwamba hakuna kiboko, hakuna kupigishwa magoti, hakuna kumfungia mtoto chumbani peke yake, na kila mwajiriwa asaini, akiwemo mlinzi. Kumshika mtoto kwa nguvu kuwe kwa ajili ya kuzuia madhara ya papo hapo tu, kufanywe na aliyefunzwa, na mzazi aambiwe siku hiyo hiyo. Wengi wa watoto mtakaowapokea wamepigwa sana. Kama fimbo ingekuwa dawa yao, wasingefika kwenu. Na kwa kuwa baadhi yao watakuja kusema mambo yaliyowapata, ukiwemo ukatili wa kingono, kila mfanyakazi ajue siku ya kwanza kwamba hapeleki habari hiyo kwenye kikao cha wazazi, bali kwa Afisa Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kwamba namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Majengo hayana siri kubwa. Kila darasa liwe na milango miwili, kona yenye mkeka na pazia jepesi, na madirisha yanayomruhusu mtu mzima kuona ndani. Korido ziwe pana ili watoto wasisukumane. Paa liwe na dari, kwa sababu mvua juu ya bati tupu inaweza kuvuruga siku nzima. Jiko liwe karibu na madarasa, na uji wa asubuhi uwe sehemu ya ratiba ya masomo. Mtaala ni ule ule wa Taasisi ya Elimu Tanzania: watoto hawa wana akili zao, na wanatakiwa kukaa mtihani wa Taifa kama wenzao.

Usajili ni njia ndefu lakini iliyonyooka. Mnaomba kwanza kibali cha kuanzisha shule, kisha kuthibitishwa kwa mwenye shule na meneja wake, kisha kusajiliwa kwa shule yenyewe, kwa Kamishna wa Elimu, maombi yakipitia halmashauri na ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule. Mtatakiwa kuonyesha umiliki wa ardhi, ramani, na ripoti za afisa afya na mhandisi. Msipokee hata mtoto mmoja kabla ya usajili; kitengo ndani ya shule iliyosajiliwa kitawapa nafasi ya kufanya kazi kihalali wakati mkisubiri.

Ukuta mrefu mliousema, ubadilisheni uwe uzio wa waya na mimea, wa kimo cha mtu mzima, wenye lango moja na mtu wa kukaa langoni anayejua majina ya watoto wote. Mtoto anayetaka kukimbia atakimbia, na ni heri muone anaelekea wapi. Fedha itakayobaki katika ukuta itawalipa wasaidizi wawili wa kitengo cha kwanza, nao watafuteni sasa, kabla muhula wa Januari haujaanza.