Mshiriki haumwi, na kazi yako ndiyo hiyo

Wadogo zangu mnaoingia kwenye vitengo vya utafiti hapa Dar, wengi wenu mmetoka wodini. Mmezoea mgonjwa anayeugulia, anayeiulizia dawa mwenyewe. Jaribio la dawa ya kila siku kwa watu wenye vidonda vya utumbo mpana, ile kolaitisi, halina mgonjwa wa namna hiyo. Utapokea mtu ambaye ugonjwa wake umetulia: haharishi damu, anapanda mwendokasi kutoka Kimara bila kuwaza choo kiko wapi. Unamwomba ameze dawa mwaka mzima ili jambo fulani lisitokee. Ndiyo maana wanaacha, na ndiyo maana kazi yako kubwa ni kujua ukweli wa dozi zake.

Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya jaribio la Ulaya lililolinganisha mesalazini, dawa ya kutuliza kolaitisi, gramu 2 mara moja kwa siku na gramu 1 mara mbili. Jumla ya siku ni ileile. Baada ya miezi 12, asilimia 70.9 ya waliomeza mara moja walikuwa bado wametulia, dhidi ya asilimia 58.9 ya wale wa mara mbili. Mimi nasoma hapo kwamba dozi ya jioni husahaulika. Tena mesalazini hufanya kazi kwenye ukuta wa utumbo inapopita, jambo lililoonyeshwa na watafiti wa Oxford mwaka 1977, kwa hiyo hakuna ulazima wa kuigawa ili kulinda kiwango chake kwenye damu.

Katika jaribio hilo daktari mpimaji hakujua mgonjwa yuko kundi gani, ila mgonjwa alijua. Ukiwekwa kwenye jaribio la mtindo huo, chunga mdomo. Sentensi moja mlangoni, "Dokta, huyu mama wa asubuhi na jioni amefika," inatosha kuharibu. Mfundishe na mshiriki asimsimulie daktari ratiba yake.

Kuhesabu vidonge ni lazima, lakini usikuamini sana. Chupa ikirudi kila mwezi na hesabu kamili bila kosa hata moja, jiulize. Binadamu husahau, na kidonge kinaweza kumwagwa kabla ya kuja kliniki. Usimwulize "Ulimeza dawa?" maana utajibiwa "Ndiyo sista" kwa heshima tu. Mwulize, "Ile wikiendi ya msiba wa Mbagala, dawa ulibeba?" Akikwambia hakubeba, mshukuru na uandike. Ukimgombeza siku hiyo, hutasikia ukweli tena.

Kuna suala la maganda. Vidonge vingi vya mesalazini vimepakwa utando usioyeyuka tumboni, hufunguka mwishoni mwa utumbo mwembamba ambako asidi imepungua. Mshiriki anaweza kuona ganda chooni akaamini dawa imepita bure, akaacha kimyakimya. Mwambie siku ya kwanza, na mwombe akupe taarifa akiona vidonge vizima mara kwa mara. Mwambie pia asikisage kwenye uji.

Mwezi wa Ramadhani hapa Dar usiuache ukukute. Dawa ya mara moja inakaa vizuri kwenye futari au daku, lakini saa inabadilika, kwa hiyo angalia protokali, yaani mwongozo wa jaribio, inaruhusu nini na mkubaliane kabla ya mwezi kuandama.

Sasa kwenye damu. Alama za Mayo, kipimo cha ukali wa ugonjwa huu, zinaanzia 0 hadi 12, na sehemu ya idadi ya choo hupimwa kwa kawaida ya mtu mwenyewe, siyo kwa kawaida yako. Mmoja akiwa mzima huenda mara moja, mwingine mara tatu. Usipoandika hiyo kawaida siku ya kuanza, mwezi wa nane huna cha kulinganishia. Na katika mji huu, kuhara damu siyo lazima ugonjwa uwe umerudi. Kunaweza kuwa na amiba, shigela au kichocho. Choo kipimwe kwanza, na umsihi mshiriki aje kwako kabla ya kupitia duka la dawa, kwa sababu akishameza Flagyl siku tatu, kipimo kinaweza kukudanganya. Ukiwa hapo uliza na diklofenaki. Watu humeza kwa maumivu ya mgongo na hawaihesabu kama dawa, wakati dawa za kundi hilo zinaweza kuuamsha ugonjwa.

Damu ya kupima figo ichukuliwe hata kama mtu anang'aa kwa afya. Madhara ya mesalazini kwenye figo ni nadra, lakini yanaweza kuja bila dalili.

Vibali vya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, mtafundishwa na wengine, kwa kirefu kuliko mtakavyopenda. Mimi ningeongeza jambo moja kwenye fomu ya ridhaa. Mshiriki aliyetulia kwa dawa ya bure atakuuliza ataipata wapi mwezi wa kumi na tatu. Mwulize mtafiti mkuu swali hilo kabla ya usajili kuanza, na jibu, hata likiwa "atanunua mwenyewe", liwe limeandikwa kwa Kiswahili kwenye fomu kabla hajaweka saini.