Jibu: Glaida ya boksi la samaki inayoinua pua na kuanguka

Ndugu yangu wa Entebbe, umeuliza kwa nini glaida yako (ndege ndogo ya mfano isiyo na injini), uliyoitengeneza kwa boksi la povu la samaki, inainua pua, inapoteza mwendo, kisha inaanguka. Usiguse kwanza redio ya kuiongozea. Nadhani mkia ni mzito. Ibebe kwa ncha za vidole chini ya mabawa, robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Inapaswa kutulia, pua ikiinama kidogo tu. Sogeza betri mbele kabla ya kuongeza risasi (ile metali nzito) puani, maana uzito wa ziada unaongeza kasi ya kutua. Betri moja ya simu, volti 3.7, haitoshi kwa aina nyingi za servo (mota ndogo zinazosogeza usukani wa ndege); zinataka volti 4.8 hadi 6. Na tafadhali sana, usirushe karibu na uwanja wa ndege.