Kabla Hujaifuta Programu Yako ya Muziki

"Hakuna seva iliyopatikana." Kwa muda wa miaka miwili maneno hayo matatu yalinijia kwenye kioo cha simu karibu kila jioni, na kila yalipokuja nilifanya yale yale: nilifunga programu nikaifungua tena, nikazima ruta nikaiwasha, na spika zilipoendelea kunyamaza, nikaifuta programu yenyewe na kwenda kutafuta nyingine. Nilibadilisha programu tano kwa mtindo huo. Naandika makala haya kwa sababu mara nyingi nilikuwa nikimwadhibu asiye na kosa, na siku programu ilipokosea kweli ilinikuta sijajiandaa, kwa kuwa nilikuwa nimeikabidhi kila nilichokuwa nacho.

Mpangilio wangu ni wa kawaida. Kompyuta ndogo isiyozimwa imeunganishwa na diski yenye albamu zipatazo mia sita, nyingi nikiwa nimezihamisha mwenyewe kutoka kwenye CD, na kazi yake ni kuwa seva ya muziki, yaani kuzihifadhi nyimbo na kuzipelekea spika. Kuna spika sebuleni, jikoni na chumbani, zote zinatumia Wi-Fi, na simu ndiyo rimoti. Ndani ya diski hiyo mna folda ambayo kwangu ina thamani kuliko nyingine zote: kanda za kaseti ambamo marehemu baba alirekodiwa akiimba na wenzake, ambazo nilizigeuza kuwa faili usiku baada ya usiku, kwa kuwa kanda ya saa moja nayo hutaka saa yake nzima.

Mama alipokuja kututembelea nilitaka azisikie. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri tangu mwanzo hadi mwisho, naye alikuwa amefumba macho, vidole vyake vikifuata mdundo kwenye mkono wa kiti. Kisha kikawa kimya. Wimbo wa pili haukuja. Nilikuwa nimekwenda chumbani na simu mkononi kumchukulia shali, na niliporudi nikakuta maneno yale matatu yananisubiri. Nikafungua na kufunga, nikazima na kuwasha, na baada ya kama dakika ishirini mama akaniambia kwa upole, "Mwanangu, acha tu, tutasikiliza siku nyingine." Upole ule uliniumiza kuliko ambavyo angelalamika. Usiku huohuo niliamua kuacha kubahatisha na kutafuta chanzo.

Jambo la kwanza nililolifanya ndilo ninalomshauri kila mtu aanze nalo, kwa sababu halihitaji kusakinisha wala kufuta chochote. Nilifungua kivinjari kwenye simu ileile iliyosema hakuna seva, nikaandika anwani ya seva kwa tarakimu, na ukurasa wake ukafunguka mara moja, albamu zote zikiwa zimepangwa. Kwa hiyo seva ilikuwa hai, na simu ilikuwa na uwezo wa kuifikia. Kilichoshindikana ni programu kuitafuta yenyewe, nayo kuitafuta ni kazi tofauti kabisa na kuzungumza nayo.

Programu nyingi za aina hii hazijui seva na spika zako zinakaa wapi, hivyo hupiga mbiu katika mtandao mzima wa nyumbani na kusubiri nani ataitikia. Katika mfumo wa UPnP, unaowezesha vifaa vya nyumbani kutambuana na ambao ndio msingi wa DLNA, utaratibu wa vifaa hivyo kuchezeana muziki na video, mbiu hiyo hutumwa kwenye anwani maalumu 239.255.255.250, na katika mfumo mwingine wa kutambuana uitwao mDNS, anwani yake ni 224.0.0.251. Ujumbe wa namna hiyo hauna mpokeaji mmoja, na kwa kawaida hauvuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Ukikuta ukuta huishia hapo, hata kama ukuta huo unaruhusu mazungumzo ya kawaida kupita. Ndiyo maana kivinjari changu kilifika mahali ambapo mbiu ya programu haikufika.

Ukuta wenyewe nilikuwa nimeujenga kwa mikono yangu. Chumbani Wi-Fi ilikuwa dhaifu, nami nilikuwa nimeongeza ruta ya pili kwenye korido, nikaipa jina na nenosiri lilelile la ruta ya kwanza ili simu isitusumbue. Sikujua kwamba ruta hiyo ilikuwa imeanzisha mtandao wake kamili nyuma ya ule wa kwanza na kugawa anwani zake yenyewe. Nilipotazama mipangilio ya simu nikaona anwani 192.168.0.104, ilhali seva ilikuwa 192.168.1.20. Tofauti ya namba ile ya tatu, sifuri upande mmoja na moja upande wa pili, ndiyo iliyonila miaka miwili.

Baada ya hapo mambo mengi yalinifungukia kwa pamoja. Nilielewa kwa nini spika ya chumbani ilikuwa ikionekana pale tu zile nyingine zinapopotea: ilikuwa imeunganishwa na ruta ya pili. Nilielewa pia kwa nini wimbo wa kwanza ulimalizika salama na wa pili haukuanza. Katika programu niliyokuwa nikiitumia, orodha ya nyimbo zinazosubiri ilikaa ndani ya simu. Spika ilivuta wimbo mmoja kutoka kwenye seva, kisha ikangoja simu iiambie wimbo unaofuata, na wakati huo simu ilikuwa imehamia upande wa pili wa ukuta nilipokwenda kuchukua shali. Na lililonisikitisha zaidi ni kugundua kwamba dawa yangu ya kuzima ruta ndiyo iliyokuwa ikiongeza ugonjwa, kwa sababu kila ruta ya kwanza ilipozimwa simu ilikimbilia ya pili, na ya kwanza ilipowaka simu haikuona sababu ya kurudi.

Matengenezo yalichukua chini ya nusu saa. Niliingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili, nikaibadili iwe kituo cha kurusha Wi-Fi tu, nikaiachia ruta ya kwanza kazi yote ya kugawa anwani. Ikiwa una kifaa cha kupanua mawimbi, au ruta zaidi ya moja, tafadhali tazama hapo kabla ya kumlaumu yeyote: linganisha anwani ya simu, ya seva na ya kila spika. Angalia vilevile kama kuna kifaa kilichojiunga na mtandao wa wageni, kwa kuwa mtandao huo kwa kawaida huzuia vifaa visionane, na ndivyo ulivyokusudiwa. Mama alipokuja tena tulisikiliza kanda mbili nzima, upande wa kwanza na wa pili, bila mimi kunyanyuka.

Yaliyobaki yalikuwa madogo, ingawa kila moja lilistahili kushughulikiwa. Niliiagiza ruta iipe seva anwani ileile siku zote, kwa sababu anwani inayobadilika kila umeme unapokatika huziacha programu zikiitafuta seva mahali ilipokuwa jana. Niliiunganisha seva kwa waya. Hili la waya nalitilia mkazo, maana watu wengi hudhani tatizo ni kasi ya intaneti na kwenda kulipia kifurushi kikubwa zaidi, ilhali muziki unaotoka kwenye diski yako kwenda kwenye spika yako haupiti kwenye intaneti kabisa. Isitoshe, muziki wenyewe ni mwepesi: CD hubeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, kwa chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia, nazo ukizizidisha unapata kilobiti 1,411 hivi kwa sekunde, na faili ya FLAC, aina ya faili inayobana muziki, hupunguza mzigo huo mara nyingi hadi karibu nusu bila kupoteza chochote cha sauti. Hata Wi-Fi ya zamani ina nafasi ya kutosha kwa hilo. Spika hukatakata kwa sababu nafasi hiyo haipatikani kwa utulivu, na seva iliyo kwenye Wi-Fi huifanya kila sehemu ya wimbo ipite hewani mara mbili, kutoka kwa seva hadi kwenye ruta na kutoka kwenye ruta hadi kwenye spika.

Spika ya jikoni ilikuwa na kisa chake. Ilikatika kwa dakika mbili tatu kisha ikapona, na nilihangaika nayo hadi nilipotambua kwamba hukatika wakati oveni ya maikrowevu inafanya kazi. Oveni hizo hutumia masafa ya karibu gigahezi 2.45, ambayo ni mlemle inamopita Wi-Fi ya gigahezi 2.4. Nilipoihamishia spika kwenye masafa ya gigahezi 5 tatizo likaisha. Kama spika yako haina uwezo huo, isogeze mbali na oveni, na kwa ruta chagua kati ya chaneli 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Kwenye simu nako, iondoe programu ya muziki katika orodha ya zile zinazolazwa ili kuokoa betri, hasa ikiwa ni ya aina ile inayoshikilia orodha ya nyimbo.

Hadi hapo programu ilikuwa haina hatia. Lakini zipo siku ambapo kosa ni lake, na siku hiyo hakuna ruta itakayokuokoa.

Programu niliyokuja kuipenda kuliko zote ilijisasisha usiku mmoja, na asubuhi nikakuta sura mpya isiyokuwa na kipengele cha kuvinjari kwa folda. Orodha nilizozipanga kwa miaka, ikiwamo ile iliyofuata mpangilio wa kanda za baba, hazikuwapo. Ili kuendelea nilitakiwa kufungua akaunti kwenye intaneti, jambo ambalo halikuhitajika hapo awali kwa muziki uliomo nyumbani mwangu. Sitaitaja kampuni, kwa sababu mkasa huu unaweza kumpata mtumiaji wa programu yoyote, na umewapata wengi. Mei 2024 kampuni ya Sonos ilitoa programu iliyoandikwa upya ikiwa imekosa baadhi ya vitu ambavyo wateja walivizoea, kama vile kupanga kengele na kipima muda cha kulala. Julai mwaka huohuo mkuu wa kampuni, Patrick Spence, aliomba radhi hadharani, na Januari 2025 akaachia ngazi. Ikiwa kampuni kubwa inayoishi kwa spika inaweza kujikwaa kiasi hicho, sisi tunaotumia hatuna budi kujiwekea akiba.

Akiba ninayoizungumzia ni kuhakikisha kwamba programu haimiliki kitu ambacho huwezi kuondoka nacho. Jina la msanii, la albamu na namba ya wimbo viandikwe ndani ya faili zenyewe, visibaki kwenye hifadhidata ya programu. Orodha za nyimbo zihifadhiwe pia kama faili za M3U, ambazo ni maandishi ya kawaida yanayosomeka na karibu kila kichezaji. Diski iwe na nakala ya pili inayokaa mbali na seva, na kwa vitu visivyonunulika tena, kama kanda zangu, nakala ya tatu. Programu nayo ninaitafuta ile inayozungumza lugha inayozungumzwa na nyingine: kwa mfano Navidrome, ambayo ni programu ya seva ya muziki, hutumia lugha ya mawasiliano iitwayo Subsonic, ambayo programu nyingi za simu huielewa, hivyo moja ikiharibika nabadilisha ya simuni bila kuigusa seva. Jellyfin, programu nyingine ya seva, nayo ilizaliwa mwaka 2018 wakati waliokuwa wakitumia seva ya Emby walipoona msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, unafungwa watu wengine wasiuone, wakauchukua uliokuwa wazi na kuuendeleza.

Mfano unaonipa moyo zaidi ni wa Squeezebox, vichezaji vya muziki vinavyotumia mtandao wa nyumbani. Logitech ilinunua kampuni iliyovitengeneza vichezaji hivyo mwaka 2006, ikaacha kuvitengeneza mwaka 2012, na mwaka 2024 ikafunga huduma yake ya mtandaoni. Hata hivyo vichezaji hivyo bado vinaimba majumbani mwa watu, kwa sababu programu ya seva ilikuwa na msimbo wazi, na wapenzi wake wanaiendeleza hadi leo kwa jina la Lyrion Music Server. Ninaponunua spika sasa, swali langu la kwanza ni kama itaendelea kufanya kazi siku mwenye kuiunda atakapoacha kuishughulikia.

Nimezima usasishaji wa moja kwa moja kwenye seva. Toleo jipya likitoka huwa nasubiri wiki mbili tatu, nanakili folda ya mipangilio, kisha nasakinisha asubuhi ya siku nisiyotarajia mgeni. Isipokuwa linapokuja rekebisho la usalama; hilo halisubiri.

Na kosa likiwa la programu kweli, liripoti vizuri. Wengi wa wanaotengeneza programu huria wanajitolea baada ya kazi zao, na ujumbe wa hasira usiosema chochote zaidi ya "haifanyi kazi" hauwapi mahali pa kuanzia. Mwaka jana seva yangu ilikuwa ikizimika kila inapopekua maktaba. Nilisoma kumbukumbu zake, yaani faili ambamo seva huandika kila inachofanya, nikaona inasimama kwenye albamu ileile kila mara, nikaitoa albamu hiyo na seva ikamaliza kupekua. Nilipochunguza nikakuta picha ya jalada iliyomo ndani ya faili ni kubwa kupita kiasi. Nikawaandikia watengenezaji wake namba ya toleo, mistari ya kumbukumbu iliyohusika, na nikaambatisha picha yenyewe. Siku nne baadaye walinitumia toleo la majaribio. Nilinakili mipangilio kwanza, nikalisakinisha, nikairudisha ile albamu mahali pake, na seva ikapekua maktaba nzima hadi folda ya mwisho.