Kaka yangu wa Leeds hapokei simu

SWALI: Shangazi, kaka yangu yuko Leeds, Uingereza, anahudumia wazee kwa zamu za usiku. Tangu Novemba hapokei simu, ada za wadogo zetu hatumi. Mama anasema amerogwa. Tufanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Mwanangu, kwanza acheni kumdai. Kutegemewa na ukoo mzima ni mzigo. Nimeuguza wengi walioubeba kimya kimya. Huzuni, kukosa usingizi na kujitenga kukizidi wiki mbili, huenda ni sonona, nayo inatibika. Dua ya Mama iendelee, haizuii tiba. Mtumie ujumbe wa sauti: “Kaka, sitaki pesa, nataka kukusikia.” Huko anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa ushauri nasaha wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, bure. Akigusia kufa, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali halimpandikizii wazo. Hapo apige simu ya NHS, namba 111, achague 2, usiku au mchana.