Kalcha ya unga haigandishi tena: kabla hujaitupa

Mkuu, umesema pakiti ya kalcha, yaani unga wa bakteria wanaogandisha maziwa yawe yogati, uliifungua mwezi wa tatu hapo Dar, ikakaa mlangoni mwa friji, na sasa maziwa yanalala usiku kucha bila kuganda. Pole. Mimi nauza yogati Tanga mwaka wa saba huu, na kosa hilo nimelilipia zaidi ya mara moja.

Wengi tunaogopa joto tu. Joto linaua kweli, ila huku pwani mimi naogopa unyevu zaidi. Bakteria wale waligandishwa kisha wakanyonywa maji, wamelala, hawajafa. Unga ukiwa mkavu kabisa, ndani yake kila kitu kimesimama. Ukivuta unyevu kidogo, uharibifu unaanza kutembea, na hewa inamalizia kazi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa naitoa pakiti kwenye friza naichana palepale, sufuria ya maziwa inafuka pembeni. Pakiti baridi kwenye hewa ya Tanga inatoka jasho kama chupa ya soda. Unga ukanata kwenye kijiko. Wiki iliyofuata, saa ya tisa tangu nitie kalcha, nilikuwa na ndoo ya uji mwepesi.

Siku hizi inakaa friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwenye chupa ya kifuniko cha kukaza (mlangoni mwa friji hapana, pale joto linapanda kila mtoto akitafuta maji). Naiacha mezani ikiwa imefungwa mpaka jasho likauke, ndipo nafungua, mbali na jiko. Na sichoti kidogo kidogo tena. Pakiti nzima naikoroga kwenye maziwa yaliyochemshwa yakapoa kabisa, namimina kwenye trei za barafu, narudisha friza. Vipande hivyo navimaliza ndani ya wiki tatu.

Ila usiitupe hiyo yako bado. Mimi niliwahi kutupa pakiti mbili nzima, kumbe ng'ombe wa jirani anayeniuzia maziwa alikuwa anatibiwa kiwele, na dawa imo kwenye maziwa. Antibayotiki haichagui bakteria mbaya na wa yogati. Koroga maziwa ya unga nusu lita, chemsha, pooza hadi nyuzi 43, tia kalcha, funika yasipoe. Yakiganda ndani ya saa 4 hadi 6, unga wako wa kalcha ni mzima, shida iko kwenye maziwa. Kamuulize muuza maziwa.