Maswali ya Wasomaji: Ahadi ya ilani inapita wapi hadi iwe sheria?

Kila uchaguzi tunagawiwa vitabu vya ilani hapa sokoni. Je, utaratibu huu ulianzia wapi, na chama kikishindwa kutimiza tunaweza kukishtaki?
*Mfanyabiashara, Mwanza mjini*

Kushtaki, hapana. Ilani ni ahadi ya kisiasa, na hukumu yake ni kura. Uingereza wana dasturi inayoipa ilani uzito kidogo zaidi: tangu 1945 Nyumba ya Mabwana, baraza la juu la Bunge lao, haiuzuii muswada uliokuwa kwenye ilani ya chama kilichoshinda. Nayo ni dasturi tu, si sheria.

Kuhusu asili, Waingereza wengi huanzia Desemba 1834, pale Waziri Mkuu Robert Peel alipowaandikia wapiga kura wa jimbo lake la Tamworth waraka uliosomwa nchi nzima. Ndani yake aliyakubali mageuzi ya uchaguzi ya 1832 ambayo upande wake ulikuwa umeyapinga kwa nguvu. Yaani waraka huo wenyewe ulikuwa maafikiano. Marekani, chama cha Democratic kilipitisha ilani ya kwanza ya kitaifa mwaka 1840, mjini Baltimore.

Lakini mfano unaofundisha zaidi ni wa Republican, Chicago, 1860. Waliahidi ardhi ya bure kwa walowezi na reli ya kufika Pasifiki. Mwaka huohuo muswada wa ardhi ulikuwa umekataliwa na Rais Buchanan. Mwaka 1862 yote mawili yakawa sheria, na kila familia iliyokidhi masharti ikaweza kupata ekari 160. Ahadi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni hesabu ya kura: wabunge wa majimbo ya Kusini waliokuwa wakipinga walikuwa wameondoka kwenda kuunda serikali yao. Ukisoma ilani yoyote, jiulize kwanza nani ana kura za kuizuia.

TANU ilipinga ubaguzi wa rangi tangu mwanzo. Kwa nini ilikubali kura tatu mwaka 1958? Wanafunzi wangu wanasema ulikuwa usaliti.
*Mwalimu, Ukerewe*

Mwalimu, waonyeshe kwanza masharti yenyewe, maana ni mabaya kuliko wanavyodhani. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuchagua mmoja kutoka kila kundi. Akimwacha hata mmoja, karatasi yake imeharibika. Na ili uandikishwe ulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotajwa na sheria. Mkulima wa kawaida wa pamba wa kanda hii aliachwa nje.

Mkutano Mkuu wa Tabora, Januari 1958, ulijaa wajumbe waliotaka kususia. Hoja ya Nyerere ilikuwa ya hesabu. Tukisusia, United Tanganyika Party, chama kilichopendelewa na serikali ya kikoloni, kitachukua viti vyote, na hicho ndicho kitakachosemea nchi. Tukiingia, sharti la kura tatu linawageukia walioliweka: kwa kuwa kila Mwafrika mwenye kura lazima amchague Mwasia na Mzungu, TANU itawaunga mkono Waasia na Wazungu inaowaamini. Ndivyo ilivyokuwa. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na TANU pamoja na iliowaunga mkono wakazoa viti. Agosti 1960 ilipata viti 70 kati ya 71.

Gharama ilikuwepo. Zuberi Mtemvu alijitoa akaunda African National Congress. Na huku kwetu picha ilikuwa tofauti kabisa: TANU ilikuwa imezuiwa Usukuma tangu 1954, na katika mwaka huohuo wa 1958 watu wa Geita waligoma kuipokea halmashauri ya wilaya ya mchanganyiko wa rangi, hadi serikali ikarudi nyuma. Kwa hiyo wanafunzi wako wana njia mbili za kulinganisha, zote za mwaka mmoja, zote dhidi ya mgawo wa rangi. Kwa maoni yetu uamuzi wa Tabora haukuwa usaliti, kwa sababu chama kilikubali namna ya kupiga kura bila kuacha dai la kujitawala. Maafikiano yanayogusa njia ni jambo moja. Yanayogusa lengo ni jambo jingine.

Bunge Maalum la Katiba lilipitisha Katiba Inayopendekezwa kwa theluthi mbili. Mbona basi haikufika popote?
*Msomaji, Sengerema*

Kwa sababu kura zilitimia baada ya upande mmoja kutoka ukumbini. Rasimu ya Tume iliyoongozwa na Jaji Warioba ilipendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Wajumbe walio wengi walitaka mbili. Bunge lilianza Februari 2014, na Aprili 16 UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakasusia. Waliobaki walipitisha andiko lao Oktoba 2, kwa theluthi mbili ya kila upande wa Muungano. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haikufanyika.

Tazama Zanzibar ilivyokwenda kinyume cha hapo. Baada ya miafaka miwili ya CCM na CUF, ya 1999 na 2001, kutotuliza mambo, Rais wa Zanzibar Amani Karume na Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana Novemba 2009 na kupatana kwanza. Baraza la Wawakilishi likafuata, kisha wananchi wakapiga kura Julai 31, 2010, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Wakubwa walipatana kabla kura hazijahesabiwa. Dodoma, kura zilihesabiwa bila mapatano.

Sisi wauza dagaa wa Mwaloni Kirumba tunataka masharti ya nyavu na tozo zibadilishwe. Mbunge katuambia tuandike. Tuandike nini, tupeleke wapi?
*Kikundi cha akinamama, Ilemela*

Akina mama, msiandike barua moja ya malalamiko yote. Itazungushwa ofisi hadi ofisi, kwa kuwa mambo haya hayaamuliwi na meza moja. Matundu ya nyavu yamo kwenye Kanuni za Uvuvi, ambazo Waziri huzitunga chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003. Bunge halihitajiki kuzibadili. Hiyo pitisheni kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) na afisa uvuvi hadi wizarani. Ushuru wa halmashauri uko kwenye sheria ndogo, kwa hiyo mtu wenu ni diwani. Kodi ya taifa huguswa na Muswada wa Sheria ya Fedha, unaojadiliwa Juni. Hapo ndipo mbunge ana kazi.

Muswada hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza, kisha huenda kwenye kamati, ambayo huita wadau. Wahini hapo. Baada ya kamati kilichobaki ni jedwali la marekebisho la mbunge, yaani orodha ya mabadiliko anayoyapendekeza, na muda ni mfupi. Ukija kwa hati ya dharura, kama sheria za rasilimali za 2017, nafasi ya wadau hubanwa sana.

Karatasi yenu iwe ya kifungu kimoja. Taja namba yake, nakili maneno yaliyopo, kisha andika mnayotaka, kwa mfano: "Futa maneno 'kila gunia' na badala yake weka 'kila kilo mia moja'." Chini yake sababu, kwa hesabu za mwalo wenu: gunia lina kilo ngapi msimu wa mvua, ngapi kiangazi, mnalipa kiasi gani. Mwisho andikeni mtakachokubali mkikosa hilo la kwanza. Wengi huacha mstari huu, na kamati ikikwama huamua bila wao. Epukeni pia kuomba serikali itoe fedha kupitia jedwali la mbunge: ibara ya 99 ya Katiba inataka hoja za namna hiyo zitoke kwa Rais kupitia waziri.

Mbunge wetu alishika shilingi ya Waziri kwa ukali, kisha akairudisha na bajeti ikapita. Ilikuwa maonyesho?
*Msomaji, Igoma*

Si lazima. Kushika shilingi ni hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri hadi atoe maelezo ya kuridhisha. Thamani yake iko kwenye ahadi anayoitoa akisimama, kwa kuwa inaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Tafuteni ukurasa huo na mwulizeni mbunge mwaka unaofuata. Lakini msitegemee aikatae bajeti. Bunge likiigomea, Rais anaweza kulivunja chini ya ibara ya 90, na mbunge akipoteza uanachama wa chama chake, ibara ya 71 inamwondolea kiti. Ndiyo maana mabishano makali zaidi hufanyika kwenye kikao cha wabunge wa chama, ambako hakuna Hansadi.