Gari Yangu Ilipoitwa Karabai

Wiki iliyopita nilipandisha picha moja tu: kigari changu kimesimama usiku mbele ya ukuta wa nyumba, na ukutani kuna mstari wa mwanga ulionyooka kama umepigwa kamba na fundi mwashi. Ujumbe ukaanza kumiminika. Kijana mmoja wa Wete akaniandikia: “Shikamoo kaka. Hizo taa za zenoni umefunga za namba ngapi? Mie nataka zile za buluu, 8000, zinazotisha.”

Nilicheka. Halafu tumbo likanikata, kwa sababu kijana huyo nilikuwa mimi miaka mitatu nyuma, pamoja na neno lake hilo hilo la kutisha.

Mwenye gari asiyetamani taa kali simjui, kwa hiyo sitapoteza muda kukuelezeni uzuri wake. Kazi yangu ni kuchukua wageni uwanja wa ndege na kuwapeleka Paje. Mgeni akitua saa tano za usiku hataki kulala mjini, anataka bahari yake usiku huo huo. Mkishaiacha Tunguu nyuma giza ni totoro, na ndani ya giza hilo kuna baiskeli isiyo na taa, kuna ng'ombe aliyekata kamba, kuna gari la ng'ombe linarudi shamba na mwenyewe kalala chali juu ya makuti. Nilikuwa na glopu za kawaida za H4, wati 55 taa ya chini na 60 fuli, mwanga wa manjano kama kandili iliyokwisha mafuta. Nikachoka.

Nikatoa shilingi 120,000 kununua seti nzima ndani ya boksi lenye picha ya umeme wa radi. Fundi wangu wa chini ya mwembe alizifunga kwa muda usiozidi wa kunywa kahawa vikombe viwili. Alipowasha, zilianza kwa zambarau, zikatetemeka, zikapanda taratibu mpaka zikawa buluu ya barafu. Moyo wangu ulipanda nazo. Nilizunguka mtaa mara tatu bila ya haja ya kwenda popote. Vijana wa maskani wakapiga mayowe: “Karabai hiyo inapita! Dagaa wako wapi?” Jina likaganda. Mpaka leo wapo wanaoniita Karabai, na wala sijifanyi kwamba halinichomi.

Wakati ule lakini nililichukua kama sifa.

Magari niliyopishana nayo yakawa yananipigia fuli, na mimi najibu kwa fuli. Nikadhani tunasalimiana! Usiku mmoja, nyuma kidogo ya Unguja Ukuu, gari la abiria likanipigia mara tatu, kisha likasimama pale pale. Akateremka ami yangu, ambaye ameendesha gari la Makunduchi tangu mimi niko skuli.

“Shikamoo, ami.”

“Iweke shikamoo yako. Teremka, uje ukae hapa.”

Akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, nyuma ya usukani, niitazame gari yangu niliyoiacha inawaka. Sikuiona. Sikuuona ukingo wa barabara wala muembe uliokuwa kando. Niliona madonge mawili meupe, na nilipofumba macho madonge yakabaki pale pale, sasa mekundu.

“Mzee umemuona?” akaniuliza.

“Mzee gani?”

Alikuwepo mzee kasimama na baiskeli yake, keshashuka kwa ajili yangu, hatua kama nane kutoka nilipokaa. Sikujua kama yupo mpaka alipokohoa.

Ami hakunigombeza pale. Alingoja harusi ya binamu yangu, mbele ya wakwe na sahani za biriani, ndipo alipoisimulia yote, na kikohozi cha mzee akakiigiza. Nimemsamehe, ila ningependa angeniita pembeni.

Kwa hasira ya aibu hiyo nikaanza kusoma na kuuliza, na niliyoyagundua ndiyo ninayomwambia kijana wa Wete. Glopu ya H4 ina nyuzi mbili, na chini ya uzi wa taa ya chini kuna kijisahani cha chuma kinachozuia mwanga usirushwe juu. Kile kikombe kinachong'aa ndani ya taa kimepimwa kwa nyuzi hizo, kila milimita. Zenoni haina uzi. Kinachowaka ni upinde wa umeme ndani ya kitumba cha kioo chenye gesi. Balasti, yaani kile kisanduku cha umeme kinachokuja na zenoni, huupiga kwa zaidi ya volti 20,000 uwake, halafu huushusha mpaka kama 85 na kuulisha wati 35 tu. Umbo lake ni jengine, unene wake ni mwengine, na mwanga ni zaidi ya mara mbili. Ukiutia ndani ya kikombe cha H4 ni kama kumimina ndoo ya maji kwenye mdomo wa kibatari: machache yataingia, mengine yatakurowesha wewe na jirani yako.

Ndiyo maana gari zinazotoka kiwandani na zenoni, tangu BMW walipoanza mwaka 1991, huwekewa nyumba yake. Sheria za Ulaya zinadai taa ya chini ikipita lumeni 2000, kipimo cha wingi wa mwanga, iwe na mashine ya kujisawazisha yenyewe na ya kujiosha kioo. Sisi tunachukua moto ule ule tunautia ndani ya kikombe chenye vumbi la tangu Japani.

Na hiyo namba, yakhe! 8000 si nguvu, ni rangi. Taa za kiwandani huwa karibu na 4300, nyeupe yenye umanjano kwa mbali, na hizo ndizo zenye mwanga mwingi. Kadiri unavyopanda kwenye buluu mwanga wa kuonea unapungua. Masika yalipoingia nilikuwa naendesha na lami imerowa, mwanga wangu wote umenywewa na barabara, na mashimo siyaoni. Nilikuwa nawapofua wenzangu na mwenyewe sioni. Lakini ndivyo tulivyo, tunataka tuonekane kuliko kuona. Mtu atanunua taa za kutisha na wipa zake zimekatika mpira.

Dawa niliyoipata ni projekta, lile jicho la duara lenye ngao ndani inayoukata mwanga kwa juu. Jozi ya kwanza nilikosea: ilitoka kwenye gari la Dubai, na kule wanaendesha kulia. Ule mstari wa mwanga hupanda kidogo upande mmoja ili umulike kando ya barabara. Wa kwangu ulipanda kulia, yaani usoni mwa anayekuja. Hela zikaenda na maji. Jozi ya pili nikatafuta ya gari la Kijapani, mstari unapanda kushoto kama barabara zetu zinavyotaka.

Sasa, kuingiza projekta lazima uifungue taa, na kioo chake cha plastiki kimegandishwa kwa gundi inayolainika kwa joto. Nyuzi joto 100, dakika kumi. Nyumbani kwetu chombo pekee cha joto hilo ni oveni ya mke wangu, anayouzia keki. Nilingoja aende kwa mama yake. Nikatoa glopu na skrubu zote, nikailaza taa juu ya kitambaa kwenye trei, nikasubiri nimechuchumaa kama anayepika mkate wa ajemi mara ya kwanza. Ilifunguka vizuri, kwa bisibisi bapa na subira. Kilichonishinda ni harufu. Ijumaa ile mteja alirudisha keki ya iliki akasema inanuka kama tairi. Mke wangu hakuuliza kitu. Alifungua oveni, akanusa, akanitazama, na kwa siku mbili chai nilijipikia.

Yaliyobaki ni kazi ya siku moja na sitayarefusha. Umeme uvute moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mnene, fyuzi na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), maana zenoni inapowaka hudai umeme mwingi kuliko waya za zamani zinavyoweza. Balasti ifunge juu, mbali na maji, na viungo vyake vipake grisi, kisiwani hapa chumvi inakula kila kitu. Usiiguse ikiwa inawaka. Kisha simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, na mstari wa taa ya chini uwe sentimita 10 chini ya urefu wa taa yenyewe. Kipimo hiki ukifanye na mzigo wako wa kawaida, kwani ukitia magunia matatu ya mbata nyuma pua ya gari inainuka na hesabu yote imekufa.

Na wewe wa Wete, kabla ya yote hayo, kitazame kioo cha taa zako. Kikiwa kimepiga umanjano kwa jua, chukua msasa wa maji, namba 1000 kisha 2000, usugue na maji mengi, umalizie kwa dawa ya kung'arishia. Tia glopu mpya za H4 za kawaida, na waya mnene wenye rilei. Huenda ukaishia hapo hapo, na oveni ya watu ikasalimika.

Wiki iliyopita, siku ya ile picha, nilirudi na ami kutoka msibani Makunduchi. Mvua ilikuwa inanyesha. Kitogani tukapishana na lori, Jozani kwenye matuta tukapishana na daladala mbili, na hakuna hata mmoja aliyenipigia fuli. Nilingoja ami aseme neno. Tulipofika Tunguu nikageuka kumtazama: kalala, kofia imemteremkia puani.

Kijana aliuliza pia kama zile za 8000 nauza. Zimo chini ya kitanda, ndani ya boksi lake lenye radi. Siuzi.